Ng'ombe wa Meneja

Mwezi ule tuliomzika binti yangu Justina, Reginald alituletea ng'ombe. Justina alikufa akijifungua, akaniachia mtoto, Patriki, na nyumbani hapakuwa na tone la maziwa. Ng'ombe wetu walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa wa kupe mwaka uliotangulia. Reginald ndiye alikuwa meneja wa chama chetu cha ushirika hapa Tlawi, chama cha wakulima wa ngano. Alikuja mwenyewe jioni, kwa miguu, akimswaga ng'ombe mwekundu na ndama wake.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," alisema. "Nimesikia habari za mtoto. Kaeni na huyu."

Nilimshika mikono yote miwili nikamshukuru. Mume wangu, Akonaay, alimkaribisha togwa, wakanywa, wakasemezana yale maneno machache yanayosemwa, na ng'ombe akaingia ndani kulala.

Kwetu mtu akikuwekea ng'ombe, maziwa ni yako na mbolea ni yako. Ndama ni wake, na ng'ombe mwenyewe ni wake mpaka siku atakayomtaka. Hakuna karatasi. Kuna neno lake na neno lako. Wala halitangazwi jambo hilo. Ng'ombe huja jioni, na akirudi hurudi jioni, kwa sababu mali ya mtu haihesabiwi na majirani. Kumwuliza mwanamume ana ng'ombe wangapi ni kama kumvua nguo njiani. Ni desturi nzuri. Imeokoa watoto wengi, na ugonjwa ukiingia kwenye zizi moja haumalizi mali yote ya mtu. Sina ugomvi na desturi. Ugomvi wangu ni na Reginald, aliyeingia akajificha ndani yake.

Nilijua siku ya josho, ya kuwaogesha ng'ombe dawa ya kupe. Akonaay alikuwa anaumwa mguu, nikampeleka ng'ombe mimi. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali, sina la kufanya, nikaanza kutazama masikio. Kila zizi lina alama yake. Huyu wetu mwekundu alikuwa amekatwa pembetatu chini ya sikio la kushoto. Mbele yangu alisimama ng'ombe wa jirani yangu Kornelia, mjane, naye alikuwa na mkato ule ule. Nyuma yangu mwingine. Nikamwachia Kornelia kamba, nikatembea kando ya foleni kama mtu anayetafuta mbuzi wake aliyepotea. Karibu nusu ya ng'ombe wale, na wa kilima chetu karibu wote, walikuwa na mkato ule.

Kornelia ni mzaliwa wa Gehandu, kule Hanang. Nikamwuliza ile ni alama ya nani.

"Ya zizi la Gidamis," alisema bila kuniangalia. "Mwenye malori."

Na wewe nani kakuwekea, nikamwuliza. Alinirudishia kamba yangu. Hakuwa na haja ya kujibu, maana hata mimi angeniuliza nisingemjibu, na wangu wa sikio lile nilijua aliletwa na nani.

Gidamis ndiye aliyebeba ngano yetu kuipeleka Arusha, kwa bei ambayo kila mwaka tuliambiwa imepanda kwa sababu barabara ni mbaya. Barabara ilikuwa ile ile. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, lakini hesabu hii haikuhitaji darasa lolote. Chama kinamlipa Gidamis bei ya juu. Gidamis anamlipa Reginald mitamba. Reginald anawasambaza kwetu sisi, nasi tunawalisha, tunawapeleka josho, tunamzalishia ndama, na kila tukikutana naye njiani tunampa asante. Mshahara wake wa kwanza tulimlipa kwa ngano, na wa pili tukamchungia.

Nilimwambia Akonaay usiku huo huo, nikidhani atawaka.

"Mama Justina," alisema, "ng'ombe wa mtu hasemwi."

"Hata wa mwizi?"

"Sijamwona akiiba. Nimemwona akimletea mtoto maziwa."

Akonaay ni mnyoofu. Nilimpenda kwa ajili ya unyoofu huo, na siku hiyo nilitamani kumpiga na mwiko.

Mavuno yalipokwisha, kamati ikatoa neno. Meneja aongezewe mshahara. Meneja ajengewe nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye bati. Na mkataba wake ukiisha, meneja apewe kiinua mgongo. Nilicheka kwa uchungu niliposikia hilo la mgongo, maana migongo iliyoinama kwenye ngano ile ninaijua yote, na wa Reginald haumo. Fedha hizo zingetoka kwenye malipo ya pili. Mkulima hulipwa mara mbili, kwanza akifikisha ngano yake, halafu tena chama kikishaiuza. Malipo ya kwanza huliwa na madeni ya mbegu. Ni ya pili ndiyo yanayonunua kitu, na mimi ya mwaka ule nilikuwa nimeyapangia kazi moja tu: kununua mtamba wetu wenyewe, ili Patriki aache kunywa maziwa ya kuwekewa.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Pascal, alisimama nje ya kanisa baada ya misa akatufafanulia kwamba meneja mzuri akilipwa kidogo atakimbilia Arusha.

"Akimbie," nikasema. "Nitamfungia chakula cha njiani."

Wanawake walicheka. Wanaume waliokuwa na ng'ombe wa sikio lile hawakucheka, na hapo nikazidi kuwajua.

Siku chache kabla ya mkutano mkuu Reginald alipita nyumbani. Nilikuwa nakamua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mtoto anaendeleaje?"

"Anakunywa."

"Vizuri. Mtoto akishazoea maziwa, ukimwachisha ghafla anadhoofika." Alimpapasa ng'ombe shingoni, taratibu, kama anayempima. "Mkutano ni Alhamisi. Mzee atakuja?"

"Atakuja."

"Asante mama. Ushirika ni kuelewana."

Akaaga kwa heshima zote akaenda zake. Hakunitukana, hakunitisha, hakusema neno moja ambalo ningeweza kumshitaki nalo. Nilibaki nimeshika kibuyu, sikamui, mpaka ng'ombe akageuka kunitazama.

Alhamisi tulikusanyika kwenye uwanja wa ghala. Ulikuwa mwaka wa kwanza tangu Azimio la Arusha litangazwe, na kutoka Mbulu mjini alikuja Bwana Ushirika wa serikali, jina lake Hilary, kijana wa miwani, mtu wa Upareni. Wanachama walikaa katikati. Sisi wanawake tulikaa ukutani kusikiliza, maana mwanachama ni mume, isipokuwa mjane kama Kornelia. Kwenye palizi hatuulizwi kama tu wanachama.

Hilary alisimama. "Ndugu wanachama," alisema, "siku hizi meneja wa ushirika ni kiongozi, na kiongozi ana masharti. Asiwe na mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Asiishi kwa jasho la mwenzake. Kabla hamjapiga kura ya kumwongezea, mna haki ya kujua ana nini." Akamgeukia Reginald. "Ndugu Meneja, mbali na mshahara wa chama, una mapato mengine? Una mifugo kiasi gani?"

Wazee wakatazama chini. Mgeni wa watu hakujua amefanya nini, kumwuliza mtu ng'ombe wake mbele ya wake za wenzake. Reginald angeweza kusema, ndugu, kwetu swali hilo haliulizwi hadharani, njoo tuongee pembeni. Wazee wote wangemuunga mkono, na mambo yangeishia hapo. Lakini alitaka kura mbele na sifa nyuma.

"Ndugu Hilary," alisema, mkono kifuani, "mimi ni mtumishi tu. Nina ng'ombe watatu, wako kwa mama yangu, kule Nambis. Zaidi ya hao sina hata mkia."

Nilisimama. "Mwenyekiti, naomba kuuliza."

"Mama Justina," Mzee Pascal alisema, "wewe si mwanachama."

"Nilipokuwa napalilia nilikuwa nani?"

Wakacheka, tena wakanitazama kwa huruma, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. "Kaa, mama," Mzee Pascal alisema. Nikakaa. Akaita wanaokubali wanyooshe mikono.

Mikono ikapanda. Niliitazama mmoja mmoja, na karibu kila mkono niliweza kuutajia ng'ombe wake. Kornelia aliunyoosha wa kwake nusu, kiwiko kikiwa bado kimegusa kiuno, akainamisha uso. Na katikati ya mikono ile nikauona ninaoujua kuliko yote, una kovu la mundu kwenye kidole gumba. Akonaay alikuwa ameunyoosha juu kabisa.

Njia nzima nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mume. Nilimwambia ameuza mtamba wa Patriki kwa maziwa ya Patriki. Nilimwambia Justina angekuwa hai angeona haya kuitwa binti yake. Hili la mwisho lilikuwa kali, na nililisema kwa sababu lilikuwa kali. Tulipofika aliketi mlangoni, akawa anamtazama ng'ombe kwa muda mrefu sana.

"Amesema hana," alisema hatimaye.

"Nani?"

"Reginald. Amesema mbele ya watu wote, na mbele ya serikali, kwamba wake ni watatu tu na wako Nambis. Basi huyu ni wa nani?"

"Ni wetu," nikasema. "Kamkataa kwa mdomo wake mwenyewe. Tumshukuru Mungu."

"Sikumnunua. Sikumrithi. Sikumpata kwa mahari." Alisema polepole, na nikaona uso wake unabadilika. "Ng'ombe aliye kwangu na hana mwenyewe, anaitwa wa wizi. Kesho polisi wakiniuliza nimemtoa wapi, nitasema nini? Nitasema ni wa Reginald? Reginald keshasema simjui."

Mimi sikuwa nimeliona hilo. Kwetu mwizi wa ng'ombe hana pa kujificha, hata watoto wake huitwa kwa wizi wake. Kitu pekee kinachomlinda aliyewekewa ng'ombe ni neno la mwenye ng'ombe, na Reginald alikuwa amelila neno lake mchana kweupe ili apate bati. Ametugeuza sote wezi kwa sentensi moja, na sote tulikuwa tumemnyooshea mkono.

"Namrudisha," Akonaay alisema. "Kesho. Mchana."

"Patriki atakunywa nini?"

Ndani mtoto alikuwa anacheka peke yake na kijiko.

"Meneja ana mishahara miwili," alisema. "Na mimi leo kura yangu imelipwa kwa maziwa. Siutaki mshahara huo."

Ningependa kusema nilimwonea fahari. Nilikasirika zaidi, kwa sababu alikuwa na haki, na haki yake ingelipwa na mtoto asiye na meno.

Asubuhi, jua likiwa limeshapanda, Akonaay alimtoa ng'ombe mwekundu na ndama, akawaswaga kwa njia kuu. Nilimfuata na Patriki mgongoni. Ng'ombe wa kuwekewa anarudishwa mchana! Watu walitoka majumbani kama waliosikia msiba. Hakuna aliyeuliza kitu. Walitusindikiza kwa macho, halafu nikaona wengine wanageuka kutazama mazizi yao.

Hilary alikuwa amelala kwa meneja, maana wageni wa chama hulala huko, na tulimkuta barazani anakunywa chai.

"Hodi," Akonaay aliita. "Nimeleta ng'ombe wako."

Reginald alitoka na kikombe mkononi. Alimtazama ng'ombe, akamtazama Hilary. "Baba," alisema akicheka kidogo, "umekosea nyumba. Mimi sina ng'ombe huku Tlawi."

"Si wako?"

"Si wangu."

"Sawa," Akonaay alisema. Akamfunga kwenye nguzo ya ua, akageuka, akaenda zake nyumbani bila kutazama nyuma.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Reginald iliishia pale uani kwake. Jua halijafika kichwani, Kornelia akaja na ng'ombe wake. "Nimekuletea ng'ombe wako." Si wangu, mama. Akamfunga. Nyuma yake akaja mzee mmoja na ng'ombe wawili, nyuma yake ndugu watatu na madume. Kila mmoja alisema maneno yale yale kwa sauti ya kusikika, naye akajibiwa yale yale, kwani aliyekwisha kumkana mmoja angewezaje kumkubali wa pili? Jioni ua ulikuwa umejaa, na wengine wamefungwa kwenye miti ya barabarani. Hilary alikuwa aondoke siku hiyo. Hakuondoka. Aliketi barazani na miwani yake, hamwulizi mtu kitu, anatazama masikio.

Asubuhi iliyofuata ng'ombe walikuwa wanalia kwa njaa na viwele vimejaa, na nyumbani kwangu Patriki alikuwa analia kwa sababu hiyo hiyo. Nikachukua kibuyu nikaenda. Nikasimama katikati ya ua wa meneja.

"Nani mwenye ng'ombe huyu mwekundu?" niliuliza kwa sauti. "Mwenyewe aseme, nimwombe ruhusa."

Pazia la dirisha lilitikisika. Hakuna aliyesema. Nikamwachia ndama anyonye kidogo, nikamtoa, nikachuchumaa nikaanza kukamua. Kornelia akaingia na kibuyu chake, akauliza vile vile, akanyamaziwa vile vile, akachuchumaa. Wakaja wengine. Uani kwa meneja pakawa na sauti ya maziwa tu, na nilikuwa nakamua kwa hasira hivi kwamba ng'ombe alinipiga na mkia.

Mzee Pascal alifika akihema. "Bwana Hilary," alisema, "hawa wanyama wasio na wenyewe, serikali inafanyaje?"

"Wanapelekwa mnadani," Hilary alisema. "Fedha inaingia serikalini. Nimeshamtuma mtu kuita karani wa mnada."

Mlango ukafunguliwa. Reginald alitoka bila viatu, shati halijafungwa vifungo.

"Acha, mama," aliniambia. "Acha. Ni wangu."

"Yupi, baba?"

"Wote. Wote ni wangu."

"Sema kwa sauti," nikamwambia, bila kuacha kukamua. "Mwenyekiti wako ni mzee, hasikii vizuri."

"Ni wangu," akapaza sauti, na sauti ikamkatika.

Hilary alivua miwani akaifuta. "Umewanunua kwa mshahara upi?" alimwuliza. Akaivaa tena. Alisema kura ya Alhamisi haina nguvu, kwamba meneja asimamishwe kazi kuanzia saa hiyo mpaka wakubwa watakapoamua, na kwamba malipo ya pili yatasubiri mahesabu ya malori yachunguzwe. Yatasubiri mpaka lini, hakujua.

Mchana ndugu zake Reginald walikuja kuwachukua ng'ombe, wakawaswaga kuelekea Nambis. Mwekundu alikwenda nao. Nilisimama njiani nikamtazama mpaka vumbi likatulia.

Maziwa niliyokamua asubuhi Patriki aliyamaliza kabla ya jua kuzama. Nikachukua kibuyu kitupu nikaenda kwa Kornelia. Alinikumbatia mlangoni, akasema nimewakomboa, akasema hata wanaume wanalitaja jina langu. Nikamwambia naomba maziwa kidogo, ya mtoto.

Alitazama pembeni. "Tumemrudisha, dada."

Nikaenda nyumba ya pili. Walinisifu, wakaniletea kigoda. Tumemrudisha. Nyumba ya tatu wamemrudisha. Nilipanda kilima nikashuka upande wa pili, kila mlango nikisifiwa, na kila mlango kibuyu changu kikitoka kitupu kama kilivyoingia. Kilima kizima, nyumba ambazo juzi moshi wake ulinuka maziwa ya kuchemka, hakikuwa na tone ambalo halikuwa la Reginald. Nilikuwa nikijua ametuibia. Sikuwa nimejua kwamba alikuwa ametuacha na kidogo kiasi kile.

Nilirudi nikakoroga uji wa mtama, mwepesi, nikaupoza. Patriki alitema kijiko cha kwanza akaanza kulia. Akonaay alimpakata, akamshika kichwa taratibu, nami nikampa cha pili.